Meza, viti na taa za mkono kwenye maonyesho: pa kuinama, pa kugusa na cha kuuliza

Swali: Nakwenda kwenye maonyesho ya ubunifu wa samani na taa. Natafuta meza ya kulia ya mbao ya watu sita, viti vyake, na taa ya kuning'inia juu yake, vyote vilivyotengenezwa kwa mkono. Katika picha kila kitu kinavutia. Nitaijuaje kazi ya fundi hodari, na niulize nini kabla ya kulipa?

Jibu: Anza kwa kuinama. Uso wa meza umeandaliwa ili uupende, na taa za banda zimeelekezwa hapo makusudi. Kazi yenyewe ya fundi iko chini ya meza, nyuma ya miguu ya kiti, na ndani ya kile kikombe cha taa kinachofunika waya darini. Mwenye banda asiyetaka uchungulie huko amekwisha kukujibu sehemu ya swali.

Tuanze na meza, maana ndiyo inayoficha makosa makubwa kuliko vyote. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa maisha yake yote. Vanishi hupunguza kasi ya jambo hilo tu, hailizuii. Kwa urefu wa nyuzi zake mbao karibu haibadiliki, lakini kwa upana hutanuka na kusinyaa, na ubao uliopasuliwa sambamba na miviringo ya mti hutembea takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini. Chukua uso wa meza wenye upana wa milimita 900 uliotokana na mbao za aina hiyo ya kwanza. Unyevu ndani ya mbao ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 12, uso wa msaji utatanuka karibu milimita 7, na wa mwaloni unaweza kufika 13. Hakuna gundi wala skrubu ya kuzuia nguvu hiyo. Ukiufunga uso usitembee, utapasuka au utapinda.

Kwa hiyo ukiwa chini ya meza angalia uso umeshikwaje na mkanda, yaani zile mbao zinazounganisha miguu. Ukiona skrubu zimepita kwenye matundu ya mviringo yanayozibana kabisa, au uso umegandishwa kwa gundi mzunguko mzima, achana nayo hata kama mbao ni ya thamani. Unachotaka kuona ni matundu marefu yaliyochongwa kufuata upana wa meza, au vipande vidogo vya mbao vilivyofungwa kwenye uso huku ulimi wao ukiingia katika mfereji wa mkanda, na nafasi ya milimita kadhaa imeachwa ili viteleze. Miguu ya chuma nayo ichunguzwe vivyo hivyo. Mguu wenye kibati chake kidogo pembeni hauna shida kubwa. Fremu pana ya chuma inayokatiza upana wote wa meza lazima iwe na matundu marefu, na hapa ndipo hata mabanda ya kifahari huteleza, kwa sababu mara nyingi chuma kimetengenezwa na mtu mwingine asiyejua tabia ya mbao.

Baadhi ya meza zina ubao mmoja uliolazwa kinyume cha nyuzi kwenye kila ncha, ili uso usijikunje. Ni kazi nzuri ikifanywa sawasawa. Muulize fundi gundi ameiweka wapi. Jibu sahihi ni katikati tu, na vijiti vya pembeni vimepita kwenye matundu yaliyorefushwa. Akisema gundi imepita urefu wote, ufa unakuja. Na usishangae miezi michache baadaye ukiona ubao huo umezidi au umepungukiwa na upana wa meza kwa milimita mbili tatu. Hiyo ndiyo dalili kwamba uso umeachwa huru.

Meza za mbao nene zenye kingo za asili za mti zinahitaji jicho la pekee. George Nakashima, seremala wa Marekani aliyefariki mwaka 1990, ndiye aliyeufanya ujulikane sana ule mtindo wa kuacha ufa wa mti uonekane na kuushika kwa vipande vyenye umbo la kipepeo. Siku hizi vipepeo hivyo viko kila banda, na vingi ni urembo mtupu. Kipepeo cha kweli hukatiza ufa, nyuzi zake hukimbia kwa urefu wake kutoka bawa hadi bawa, na huzama angalau theluthi moja ya unene wa ubao. Nyuzi zikiwa sambamba na ufa, kitakatika kiunoni. Ulizia kina chake, na kama ufa umefika upande wa chini, tazama kama huko nako umeshikwa.

Ulizia pia unyevu wa mbao, kwa tarakimu. Kwa samani za ndani ni kati ya asilimia 6 na 12 kulingana na hali ya hewa ya mahali itakapokaa. Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kisha tanuri hupunguza unyevu uliobaki. Ubao wa milimita 60 unaweza kuwa mkavu juu na mbichi ndani, na kipima unyevu chenye sindano fupi hakioni huko. Fundi anayejua kazi yake atakutajia asilimia, atakwambia ubao ulikaa wapi na kwa muda gani. "Imekauka vizuri" si jibu.

Na zile meza zenye mkondo wa rezini katikati, yaani plastiki iliyomiminwa ikiwa kimiminika ikaganda, kama mto unaopita kati ya mbao? Zinavuta macho, lakini rezini nyingi za kumimina huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 60, kwa hiyo sufuria ya moto huacha alama, na mwanga wa jua huzitia umanjano taratibu. Kwa meza ya kulia chakula hatuipendekezi, ila kama utaitandikia kila mara.

Vinia, yaani ganda jembamba la mbao linalogandishwa juu ya jopo, si aibu. Jopo lililofunikwa kwa vinia hutulia kuliko mbao nzima, na michoro fulani ya nyuzi haiwezekani kwa njia nyingine. Sharti ni kwamba iwekwe pande zote mbili, juu na chini, la sivyo jopo litajikunja. Kuitambua ni rahisi: fuata mistari ya nyuzi kutoka juu ya uso hadi ukingoni. Katika mbao nzima mistari hiyo inashuka na kugeuka kuwa miduara ya kichwa cha ubao, yaani ncha iliyokatwa kukingama nyuzi. Katika vinia inakoma ghafla.

Kwenye viti, nenda moja kwa moja pale mguu wa nyuma unapokutana na mkingamo wa kiti. Kila mtu anapoegemea, mzigo wote hugeuka kuwa nguvu ya kung'oa kiungo hicho. Shika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja na kikalio kwa mwingine, usokote taratibu. Kikae kimya, bila hata mlio mdogo. Kisha kikalie, egemea, inuka, rudia. Uliza kiungo ni cha namna gani. Ulimi ulioingia kwenye tundu, wenye unene wa karibu theluthi moja ya mbao na urefu wa milimita 25 au zaidi, utaishi miaka mingi. Vijiti vya mviringo viwili kwa kila kiungo vinakubalika vikiwa vimekaa barabara. Skrubu peke yake kwenye kichwa cha ubao haina mshiko, maana inapita katikati ya nyuzi na kuzichana.

Halafu tazama mikunjo. Mguu au mgongo uliopindika unaweza kuwa umepindwa kwa mvuke, umegandishwa kwa tabaka nyembamba, au umekatwa tu kutoka kwenye ubao ulionyooka. Fuata nyuzi kwa kidole. Zikipinda pamoja na umbo, kuna nguvu. Zikikatiza umbo na kutokea pembeni pale palipo pembamba zaidi, hapo ndipo kitavunjika siku mtu mzito atakapokiinamisha nyuma. Kupinda kwa mvuke huhitaji takriban saa moja ya mvuke kwa kila milimita 25 za unene, na mbao iliyokaushwa kwa hewa hukubali kupindwa kuliko ya tanuri. Ni gharama ya muda, na ndiyo maana wengi hukata.

Kikalio kilichosukwa kichukulie kama sehemu ya kuchakaa. Kiti maarufu cha mwaka 1949 cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, chenye mgongo wa umbo la herufi Y, husukwa kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi, na kamba ikichoka husukwa upya huku fremu ikibaki ileile. Huo ndio mpango unaoutaka. Muulize fundi kama kikalio kinaweza kusukwa upya au ngozi kubadilishwa bila kubomoa maungio, na nani anaweza kuifanya kazi hiyo asipokuwepo yeye.

Vipimo vikague kwa futi yako mwenyewe. Meza huwa na kimo cha milimita 720 hadi 760, kikalio 430 hadi 460, na kati ya kikalio na uso wa meza pabaki 270 hadi 300. Chini ya mkanda, kutoka sakafuni, pawe na angalau 620 ili mapaja yapite. Kila mlaji anahitaji upana wa 600, kwa hiyo watu watatu kila upande ni urefu wa 1800, lakini kama miguu ya meza iko ndani kidogo badala ya pembeni, mtu wa pembeni atagongana nayo. Viti vyenye mikono vijaribiwe kwenye meza hiyohiyo uone kama mikono inaingia chini ya mkanda. Na omba kiti kisogezwe kwenye sakafu ngumu. Zulia la banda huficha mguu mfupi.

Neno "mkono" lenyewe linavutwa sana siku hizi. Karakana inayotumia mashine ya kompyuta kukata maumbo ya awali kisha fundi akamalizia kwa randa na patasi haikudanganyi, mradi iseme hivyo. Uliza ni hatua zipi zimefanywa kwa mkono. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kulinganisha vitu viwili vya aina moja kwenye banda: alama za nyundo kwenye taa mbili zikiwa mahali palepale, hizo zimetoka kwenye kalibu. Chini ya meza, mawimbi hafifu ya randa unayoyahisi kwa vidole si kasoro. Ulaini wa msasa kila mahali hauthibitishi lolote, kwa upande wowote.

Sasa taa. Hapa wabunifu wengi wenye vipaji ni wachongaji hodari na mafundi umeme dhaifu, na sehemu inayokufa mapema ndiyo ile wasiyoijali.

Swali la kwanza: chanzo cha mwanga kinabadilishwa? Taa yenye holda ya kawaida, E27 au E14, haina fumbo. Balbu ikiungua unaweka nyingine. Taa yenye LED iliyojengewa ndani inahitaji maelezo zaidi. Mtengenezaji akikwambia saa 50,000, kwa kawaida anazungumzia muda hadi mwanga wa LED ushuke kufikia asilimia 70 ya ulivyokuwa. Tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu draiva, kile kifaa kinachoigawia LED umeme, ambacho mara nyingi hutangulia kufa kwa sababu kapasita zake hukauka kwa joto. Draiva iliyobanwa kwenye kikombe cha dari kisichopitisha hewa ina maisha mafupi. Omba uonyeshwe inavyotolewa. Kama ni lazima kuvunja gundi au kukata shaba, unanunua pambo lenye tarehe ya mwisho. Omba pia draiva moja ya akiba, au angalau iandikwe volti na miliampea zake ili fundi yeyote aitafute.

LED haitoi joto mbele kama balbu za zamani; joto lake hubaki nyuma yake na lazima liondoke kupitia chuma, hasa alumini. Utepe wa LED uliogandishwa moja kwa moja kwenye mbao utafifia upesi na kubadilika rangi. Kwenye maonyesho taa huwa zimewaka tangu asubuhi, basi ni nafasi nzuri: kwa ruhusa ya mwenye banda, sogeza mkono karibu na chuma kilicho nyuma ya LED. Kikiwa na joto, maana yake joto linatoka. Taa yenye nguvu ambayo haina chuma chochote nyuma iulizwe maswali.

Mwanga wenyewe uangalie ukiwa umekaa. Vuta kiti, kaa kama unayekula, inua macho. Ukiiona LED tupu ikikuchoma, usitarajie kuizoea. Poul Henningsen, mbunifu wa taa wa Denmark, alishughulika na tatizo hilo tangu miaka ya 1920: taa yake ya machengeu matatu, zile kofia za taa zilizopangwa moja chini ya nyingine, imechorwa ili balbu isionekane na aliyekaa mezani, na taa yake ya mwaka 1958 ina majani 72 yanayokificha chanzo cha mwanga kutoka kila upande. Ni kipimo kizuri cha kulinganishia taa yoyote mpya. Na omba taa za banda zinazoimulika taa hiyo kutoka nje zizimwe kwa dakika moja. Nyingi zinazong'aa kwenye maonyesho zinaangazwa na wenzao.

Kwa meza ya chakula chagua mwanga wa rangi ya joto, kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, kisipungue 90. Weka kiganja chako chini ya taa pamoja na kitu chekundu. Ngozi ikionekana ya kijivu na nyekundu ikafifia, mbao yako na chakula chako vitaonekana hivyo pia. Jaribu kupunguza mwanga hadi karibu uzimike. Hapo ndipo kucheza kwa mwanga hujitokeza, na simu yenye uwezo wa kurekodi video ya mwendo wa polepole itakuonyesha mistari au mapigo ambayo macho hayaoni. Ulizia jina la swichi ya kupunguza mwanga waliyoijaribu nayo, kwa sababu draiva na swichi zisizoelewana hutetema au hutoa mlio.

Kuhusu ukubwa, sehemu ya chini ya taa ining'inie milimita 700 hadi 800 juu ya uso wa meza, na upana wake uwe nusu hadi theluthi mbili ya upana wa meza. Kwa meza ya 1800 taa moja ndogo itaangaza bakuli la katikati na kuwaacha wa pembeni gizani. Tafuta taa ndefu, au mbili.

Usalama hauna mjadala. Thibitisha volti: 220 hadi 240 au 100 hadi 127, kulingana na unakoipeleka. Taa yenye mwili wa chuma iwe na waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma hicho, au iwe na alama ya mraba ndani ya mraba inayoonyesha kuwa imekingwa mara mbili. Pale waya unapopita kwenye tundu la chuma pawe na kizibo cha plastiki au mpira. Ukingo mtupu wa chuma hukata ganda la waya kidogokidogo. Muombe fundi auvute waya taratibu mbele yako: lazima ushikwe na kibano, usivutie kwenye viungo vya umeme. Taa ikizidi kilo 5 ishikwe kwa kebo ya chuma au mnyororo wake wenyewe, waya wa umeme ubaki legevu. Kiwango cha kimataifa cha taa ni IEC 60598. Uliza kama taa imepimwa kwa kiwango hicho. Taa ya pekee iliyotengenezwa moja tu mara nyingi haijapimwa, na hapo fundi umeme wako aikague kabla haijapanda darini.

Vifaa vyenyewe, kwa ufupi. Karatasi na mianzi: mchongaji Isamu Noguchi alianza taa zake za Akari mwaka 1951 huko Gifu, Japani, na hadi leo hukunjwa bapa zikasafirishwa. Karatasi hubadilika rangi na hupasuka, hivyo hakikisha chengeu kinauzwa peke yake, na usivuke wati zilizoandikwa kwenye holda. Kioo cha kupuliza: viputo na unene usio sawa ni kawaida, lakini kagua ukingo wa tundu linaloshika holda, mmeguko mdogo hapo ndiko ufa unakoanzia. Uliza kama kioo kilipozwa polepole kwenye tanuri, maana kilichopoa haraka hubeba mkazo ndani na kinaweza kupasuka chenyewe baada ya muda. Ufinyanzi: nati ya chuma isikae moja kwa moja juu ya udongo, pawe na kipete laini (washa) kati yao. Shaba njano: beba sumaku ndogo. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa. Isiponasa bado inaweza kuwa zinki iliyopakwa, basi uliza. Uliza pia kama imepakwa laka. Isiyopakwa itageuka kahawia kwa kuguswa, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huliona uchafu.

Umaliziaji wa mbao una mlango mmoja wa kuamulia: mafuta na nta hurekebishika nyumbani, vanishi ngumu hulinda zaidi lakini ikikwaruzika mara nyingi inahitaji kusuguliwa uso mzima. Chukua jina kamili la bidhaa iliyotumika na kopo dogo la akiba. Ukipaka mafuta ya kitani, usikunje wala kurundika vitambaa ulivyotumia, kwa kuwa hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye maji.

Kabla ya kulipa, jua kama unachokiona ni cha kuuzwa au ni mfano wa kwanza. Vitu vingi vya maonyesho ni mifano, na kitakachokufikia kitatengenezwa upya, labda kwa ubao wenye rangi nyingine. Oda iandike jina la kibotania la mti, vipimo na kiasi kinachoruhusiwa kupishana, umaliziaji, tarehe, na malipo yagawanywe kwa hatua. Ambatanisha sampuli ya mbao iliyokwisha pakwa na kusainiwa na pande zote mbili. Mti ukiwa wa jenasi ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, fahamu kwamba jenasi nzima imo tangu 2017 kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na Dalbergia nigra imezuiliwa zaidi tangu 1992, kwa hiyo kuvuka mpaka kunahitaji vibali. Ukiambiwa ni toleo lenye kikomo, uliza idadi na namba ya chako. Desturi iliyozoeleka ni vitu 8 vyenye namba pamoja na nakala 4 anazobaki nazo msanii, na nne hizo nazo huuzwa. Sanduku la mbao la kusafirishia kwenda nchi nyingine liwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kutibu mbao za vifungashio dhidi ya wadudu, la sivyo linaweza kuzuiliwa mpakani pamoja na kilichomo.

Meza ikifika, ikague kabla ya kusaini karatasi ya mpokeaji: pima diagonali mbili za uso, weka rula ndefu kukatiza upana wake, piga picha upande wa chini. Iache siku kadhaa chumbani kabla ya kukaza tena bolti za miguu, mbali na kiyoyozi na dirisha lenye jua, kisha zikaze robo mzunguko tu, na uziangalie tena majira yakibadilika.